Tope la Lambo Lililoota Mwani: Namna ya Kulitoa, Kulilaza na Kulipeleka Shambani

Kuanzia Agosti malambo mengi ya Dodoma hupungua hadi tope la kitako linaonekana. Kwa mwenye bustani hiyo ni neema. Tope hilo ni udongo wa juu wa mashamba uliosombwa na mvua, umechanganyika na samadi ya mifugo iliyokuja kunywa hapo, na halinunuliwi. Mkokoteni wa punda unapakia, mchicha unastawi, na hakuna anayeuliza zaidi.

Kinachopaswa kuulizwa ni rangi ya maji kabla lambo halijakauka. Kama yalifunikwa na utando mzito wa kijani, kama rangi ya ukutani iliyomwagika, basi huenda tope limebeba sumu ya mwani. Hapa ndipo mazoea yetu ya nchi kame yanapotupotosha. Sisi huku tunaliamini jua. Mlenda tunaanika, nyama tunaanika, godoro la mgonjwa tunalitoa nje. Tope nalo tunalianika wiki mbili, likipasukapasuka tunasema limetakata. Kwa sumu hii mambo ni kinyume: ukavu unaihifadhi, na kinachoimaliza ni unyevu, hewa na bakteria wa udongo. Ukishika hilo, hatua karibu zote zilizo hapa chini ungeweza kuzibuni mwenyewe.

Hali ya kwetu inaukaribisha mwani. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, ilhali jua na upepo vina uwezo wa kunyonya zaidi ya milimita 2,000 za maji ya wazi katika mwaka huohuo. Maji yanaondoka, fosforasi na naitrojeni zinabaki. Kinachosalia ni maji machache, ya vuguvugu, yaliyotulia na yenye mbolea nyingi. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, hupokea maji ya Kinyasungwe Ndogo yanayotoka upande wa jiji, na kila mtu anajua jiji limekua kiasi gani. Lambo dogo la kijijini halina jiji nyuma yake, lina ng'ombe mia kadhaa wanaosimama ndani ya maji kila mchana. Matokeo hayatofautiani sana.

Hatua ya 1: Jua lambo liliota nini

Mwani wenye sumu kwa kweli ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua, nao huitwa sainobakteria. Si kila ukijani ni wao. Nenda asubuhi mapema kabla upepo haujaanza kuvuruga maji, vaa glavu za mpira au mfuko wa plastiki mkononi, kisha kokota fimbo majini. Fimbo ikitoka na nyuzi ndefu kama pamba iliyoloa, huo ni mwani wa kawaida wa kijani, hauna neno. Ikitoka imepakwa rangi, bila nyuzi, tia shaka.

Kipimo cha pili ni cha chupa. Chota maji kwenye chupa ya kioo hadi robo tatu, funika, weka kivulini usiku kucha bila kuitikisa. Sainobakteria wengi wana vifuko vidogo vya hewa, kwa hiyo asubuhi utakuta pete ya kijani imeelea juu. Mwani mwingine huzama. Kipimo hiki hakikamati wote, kwa sababu wapo wasioelea, wanaosambaa ndani ya maji na kuyapa rangi ya kahawia au kijani hafifu tu. Lakini kwa utando ule mnene wa juu, ambao ndio unaoacha sumu nyingi ufukweni, chupa inatosha kukushtua.

Kama umefika lambo limeshakauka, tafuta magamba kwenye kingo: tabaka jembamba linalobanduka kama karatasi, la kijani au lenye rangi ya samawati au weupe wa samawati. Rangi hiyo ya samawati hutoka kwenye chembe za sainobakteria zinapokufa na kupasuka. Waulize na wachungaji. Wao ndio waliokuwapo kila siku, na watakuambia utando ulikuja lini na ulikusanyika upande gani.

Jambo ambalo jicho haliwezi kukuambia ni kama mwani huo ulikuwa na sumu kweli. Aina ileile ya sainobakteria ina nasaba zinazotengeneza sumu na nasaba zisizotengeneza, na zote mbili hufanana hata chini ya hadubini. Lambo laweza kuwa salama Juni na baya Agosti. Ndiyo maana hoja ya "ng'ombe wangu wamekunywa hapa miaka yote" haina uzito sana kwenye suala hili. Ukiona utando, fanya kazi kana kwamba sumu ipo.

Hatua ya 2: Elewa sumu inakwenda wapi maji yakiisha

Hii si hatua ya jembe, lakini ukiiruka utafanya zilizobaki kwa kukariri.

Sumu inayopatikana mara nyingi zaidi duniani kwenye maji baridi ni mikrosistini. Hushambulia ini. Ni mnyororo mfupi wa asidi-amino saba uliofungwa duara, na duara hilo ndilo linaloifanya iwe sugu: haivunjwi na moto wa jiko, haivunjwi kirahisi na tindikali ya tumboni. Mwani ukiwa hai, sumu nyingi iko ndani ya chembe zake. Ukifa, chembe hupasuka na sumu hutoka. Baada ya hapo ina njia tatu.

Njia ya kwanza ni kubaki majini na kuliwa na bakteria. Wapo bakteria, wengi wao wa jamii ya Sphingomonas, wenye kimeng'enya kinacholikata lile duara. Watafiti wa Australia walikieleza mwaka 1996, na walikuta kwamba mikrosistini iliyokatwa hupungua ukali kiasi cha mara 160. Bakteria hawa huchelewa kuamka. Mara nyingi hupita siku kadhaa, hata wiki na zaidi, bila mabadiliko yoyote, kisha sumu inaporomoka ndani ya siku chache. Mahali palipowahi kuota mwani huamka upesi zaidi, maana wameshaijua kazi.

Njia ya pili ni kuzama na kushikamana na tope. Mfinyanzi na mboji huikamata mikrosistini vizuri, mchanga hauikamati. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi, utaishika, na udongo wa kichanga utaiachia iteremke na maji. Maji yakiwa na magadi, yaani pH ikiwa juu, ushikaji nao hupungua. Chini kabisa ya tope, ambako hakuna hewa, uozaji huenda polepole sana na sumu inaweza kukaa muda mrefu. Fahamu pia kwamba tope hilohilo ndilo ghala la mbegu: chembe za sainobakteria hulala humo kiangazi kizima na kuamka mvua ikirudi.

Njia ya tatu ndiyo ya kwetu hasa. Utando unasukumwa ufukweni, maji yanarudi nyuma, jua linaukausha. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa magamba makavu ya mwani wa Microcystis hubaki na sumu kwa miezi hadi 6, na yakiloweshwa tena huiachia. Mwanga wa jua unaweza kuivunja mikrosistini, ni kweli, lakini huchukua wiki kadhaa na hufanya kazi pale mwanga unapofika. Ndani ya gamba au ndani ya bonge la tope haufiki zaidi ya juujuu. Na bakteria hawafanyi kazi pakavu. Basi sumu inakaa pale, ikingojea mvua ya kwanza ya Desemba au mbuzi wa kwanza anayelamba.

Zipo sumu nyingine. Anatoksini, ya mishipa ya fahamu, huua haraka lakini nayo hufa haraka ikipata jua na maji yenye magadi, kwa hiyo kwenye tope la zamani haitusumbui sana. Silindrospamopsini ni hadithi nyingine: huyeyuka majini mno, sehemu kubwa yake hutoka nje ya chembe hata mwani ukiwa hai, na haishikwi sana na tope. Hatari yake ni kuteremka na maji hadi kwenye kisima kifupi, hasa kwenye kichanga.

Hatua ya 3: Chagua pa kuchimba

Utando huenda upepo unakoenda. Upepo wa kiangazi wa Dodoma huvuma mara nyingi kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo kingo za magharibi na kaskazini-magharibi ndizo hupokea mzigo. Usiamini dira peke yake. Angalia takataka nyepesi, majani makavu na manyoya yalikokusanyika, huko ndiko na mwani ulikokwenda. Chimba upande wa pili.

Kabla ya kuchimba, ondoa magamba. Yanyunyizie maji kidogo kwanza yawe mabichi, kisha yakwangue kwa jembe bapa au koleo. Ukiyakwangua makavu utavuta vumbi lake, na kwa upepo wetu vumbi hilo litaingia pua za kila aliyepo. Funika pua na mdomo hata hivyo. Magamba uliyoyakusanya usiyatupe kandokando ya lambo wala kwenye mkondo wa maji ya mvua. Chimba shimo fupi la kina cha magoti mahali palipoinuka, changanya magamba na samadi na udongo wa kawaida, lowesha, funika kwa udongo. Shimo hilo lizungushie miiba, mbuzi wasilifikie.

Baada ya magamba, ondoa pia sentimita chache za juu za tope na uzihesabu kama magamba. Tope la chini yake ndilo lako.

Na ruhusa? Lambo la kijiji lina kamati, na bwawa kubwa lina bodi ya bonde. Hombolo iko chini ya Bonde la Wami/Ruvu, Mtera chini ya Bonde la Rufiji, na Bahi iko Bonde la Kati. Kuchimba ovyo kunatoboa sakafu ya mfinyanzi inayoshikilia maji, na mwaka unaofuata kijiji kizima kitakuuliza maji yamekwenda wapi. Zungumza na mwenyekiti wa kijiji kwanza.

Hatua ya 4: Lilaze tope, usilianike

Hii ndiyo kazi yenyewe. Unataka kuwapa bakteria wa udongo vitu vitatu kwa pamoja: unyevu, hewa na muda.

Tafuta mahali penye kivuli, chini ya mwarobaini au mkwaju, angalau mita 30 kutoka kwenye kisima na upande wa chini wa mteremko kuliko kisima hicho. Ardhi ikiwa ya kichanga, tandika kwanza tabaka la udongo wa mbuga, unene wa shubiri moja, ulikanyage. Litazuia majimaji ya rundo yasiteremke.

Kisha panga kwa tabaka: ndoo mbili za tope, ndoo moja ya samadi iliyooza nusu, ndoo moja ya mabua ya mtama au uwele yaliyokatwakatwa, na konzi kadhaa za udongo wa bustani yenyewe. Mabua hayapo kwa ajili ya rutuba, yapo kwa ajili ya hewa. Tope la lambo peke yake hushikamana likawa tofali, na ndani ya tofali hakuna hewa. Udongo wa bustani ni mbegu ya bakteria. Ukipata tope bichi kutoka ukingo wenye unyevu wa lambo lililowahi kuota mwani miaka iliyopita, ongeza kidogo, humo wamo waliokwisha kuzoea. Rundo lisizidi urefu wa kiuno.

Lowesha kwa maji ya kisima au ya bomba, si ya lambo la kijani. Unyevu unaotakiwa unajulikana kwa mkono: chukua konzi, fumbata, ikishikana bila kuchuruzika imetosha. Maji ya kunawia na ya kusuuzia yanafaa ikiwa hayana sabuni nyingi. Najua maji ni ghali huku, ndoo moja Chamwino mwezi wa kumi si kitu cha kumwaga bila kufikiri. Kwa sababu hiyo rundo lifunike kwa nyasi nene, na juu yake turubai kuukuu lililowekewa mawe. Rundo lililofunikwa vizuri kivulini huhitaji kuongezewa maji mara chache tu kati ya kugeuza na kugeuza.

Ligeuze kila baada ya wiki mbili, la nje liingie ndani.

Muda ni miezi mitatu. Sababu ni hii. Kwenye udongo wenye unyevu uliopimwa maabara, nusu ya mikrosistini huisha ndani ya siku 6 hadi 18 kutegemea aina ya udongo na ya sumu. Chukua ile mbaya zaidi, siku 18. Siku 90 ni vipindi vitano vya namna hiyo: inabaki nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita, hatimaye moja ya thelathini na mbili, yaani kama asilimia 3. Ukianza mapema Septemba, Desemba mvua zikianza tope liko tayari. Kalenda yetu na ya bakteria zinakubaliana vizuri.

Sharti moja tu: siku ambazo rundo lilikuwa kavu usizihesabu. Kama ulisafiri wiki tatu ukarudi ukakuta limekuwa vumbi, ongeza wiki tatu mbele, na nyingine moja ya kuwaamsha tena bakteria. Kosa la upande wa pili ni kulizamisha. Tope lililotiwa shimoni likajaa maji na kunuka yai bovu halina hewa, na humo sumu huisha polepole mno. Lifukue, changanya mabua zaidi, anza kuhesabu upya.

Hatua ya 5: Pima chumvi kabla ya kushangilia

Tope linaweza kuwa limekwisha sumu ya mwani na bado likaua mimea kwa chumvi. Maeneo ya Hombolo na Bahi yanajulikana kwa hili. Jaza kopo kwa tope lililoiva, jingine kwa udongo wako wa kawaida, panda mbegu kumi za mchicha au kunde kila kopo, mwagilia sawasawa. Zikichipua vizuri kopo la udongo na kudumaa kopo la tope, au majani yakiungua kingo, punguza tope hadi sehemu moja kwa nne za udongo na urudie. Kipimo hiki ni cha chumvi. Usikichukue kama cheti cha kwamba sumu imeisha, maana mbegu huota vizuri tu kwenye kiasi cha sumu ambacho mtu hapaswi kukila.

Hatua ya 6: Lipeleke kwenye zao linalofaa

Mwaka wa kwanza lipe mazao ambayo sehemu inayoliwa iko mbali na udongo: mtama, uwele, mahindi, alizeti, mipapai, na zabibu. Mizizi ndiyo hukusanya sumu nyingi kuliko sehemu nyingine za mmea, na punje au tunda la juu hupata kidogo. Kwenye mzabibu lifukie kwenye mfereji kuzunguka shina, usilirundike juu.

Karoti, vitunguu, viazi vitamu na mboga za majani zingojee msimu wa pili. Hizi ama zinaishi ndani ya udongo au zinarushiwa matope na kila tone la mvua. Kama huwezi kungoja, basi tandaza nyasi juu ya tuta na osha mboga kwa maji safi mara mbili. Kuosha hupunguza kilicho juu ya jani. Kilichoingia ndani ya jani hakitoki.

Kumwagilia kwa maji ambayo bado ni ya kijani

Hapa pana hatari kubwa kuliko tope, na watu wengi wanajilinda na tope huku wakimwaga maji ya kijani juu ya saladi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta makundi ya mwani na mikrosistini kwenye majani ya saladi iliyomwagiliwa kwa kunyunyiza maji ya bwawa lenye mwani, hata baada ya maji kukauka. Keni ya kumwagilia na mpira wa kurusha maji hufanya hivyohivyo. Maji yakiwa na utando, peleka kwa mfereji au matone, mdomo wa pampu uzame nusu mita chini ya uso na uwe mbali na ukingo unaopelekewa upepo. Na mboga za kuvunwa wiki hiyo zipewe maji mengine.

Njia bora, kama una nguvu ya kuchimba, ni kisima kifupi pembeni ya bwawa, mahali penye mchanga, mita kumi au zaidi kutoka majini. Maji yanayojipenyeza huacha chembe za mwani kwenye mchanga, na bakteria waliomo hula sehemu kubwa ya sumu iliyoyeyuka. Joto la kwetu linawasaidia. Watu wanaofukua mchanga wa mito mikavu kutafuta maji wanafanya jambo lilelile, na wana haki ya kuyaamini maji yao kuliko ya lambo. Ila uzio uwepo, kwa sababu mchanga hausaidii chochote ng'ombe wakijisaidia juu yake.

Maji ya kunywa, na mrututu

Kuchemsha hakuondoi sumu hii. Kunapasua chembe, kunaiachia sumu majini, na maji yanayopungua kwa mvuke huiacha ikiwa nzito zaidi. Klorini huivunja ikiwa ya kutosha, ikikaa angalau nusu saa, na pH ikiwa chini ya 8. Maji mengi ya malambo yenye mwani huvuka pH hiyo mchana, kwa hiyo kidonge kimoja kwenye ndoo ya kijani si kinga. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 1 ya mikrosistini kwa lita kwa maji ya kunywa ya kila siku, na 12 kwa muda mfupi wa dharura. Utando mnene unaweza kuvuka hapo mara maelfu. Tafuta maji mengine.

Wakulima wengi wa zabibu wana mrututu, yaani chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, nyumbani kwa ajili ya ukungu wa majani, na wazo la kumwaga konzi mbili tatu lambo likiota mwani huja lenyewe. Usifanye hivyo. Mwaka 1979, kisiwa cha Palm huko Queensland, Australia, bwawa la maji ya kunywa lilitiwa mrututu kuua mwani. Siku chache baadaye watu 148, wengi wao watoto, waliugua ini na figo. Mwani uliuawa wote kwa mpigo na kuiachia silindrospamopsini majini kwa mpigo. Tena shaba haiozi: itakaa kwenye tope lako miaka na miaka, na hao bakteria unaowategemea katika Hatua ya 4 hawaipendi.

Ukinunua maji ya boza, uliza yamechotwa wapi. Caruaru, Brazili, mwaka 1996, kituo cha kusafisha damu za wagonjwa wa figo kilitumia maji yaliyoletwa kwa lori kutoka bwawa lenye sainobakteria bila kutibiwa ipasavyo, na zaidi ya wagonjwa 50 walikufa. Mishipa ya damu si tumbo, dozi haifanani, lakini swali kwa dereva wa boza ni lilelile.

Mifugo na samaki

Ng'ombe, mbuzi na mbwa hufa kwa mwani mara nyingi kuliko watu, kwa sababu hunywa ukingoni palipo na utando na mbwa hujilamba manyoya. Nchini Botswana mwaka 2020 zaidi ya tembo 300 walikutwa wamekufa eneo la Okavango, na serikali ilitaja sumu ya sainobakteria kwenye madimbwi. Mnyama aliyepata sumu ya ini hulegea, hukataa kula, utando wa macho na ufizi hupauka, na siku zinazofuata ngozi yake nyeupe inaweza kuungua na jua. Wa sumu ya mishipa hutetemeka, huanguka na kukosa pumzi, pengine ndani ya dakika. Dawa ya kuondoa sumu hizi haipo. Mwondoe majini, mweke kivulini, mwite afisa mifugo, na nyama ya aliyekufa usiigawe.

Perege na kambale waliovuliwa wakati wa utando watolewe matumbo na ini mapema, waoshwe, na supu ya kuwachemshia imwagwe. Kambale anayeishi topeni ndiye wa kumwogopa zaidi, ingawa ndiye mtamu.

Ukitaka uhakika wa maabara

Kipimo cha kawaida cha maji, cha chumvi na vimelea vya kinyesi, hakiigusi mikrosistini. Kabla ya kusafiri na chupa, piga simu maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji au Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, uliza hasa kama wanapima mikrosistini na kama wanapokea tope au maji peke yake. Vyuo vikuu vya mkoani navyo vinafaa kuulizwa.

Sampuli ya maji iwe kwenye chupa ya kioo yenye rangi ya kahawia, au chupa ya kioo ya kawaida iliyozungushiwa karatasi ya alumini, kwa kuwa aina fulani za plastiki huinyonya sumu na kukupa jibu la uongo la kufurahisha. Tope lichukuliwe sehemu tano tofauti za rundo, nje na ndani, lichanganywe, lijaze kikopo. Weka kwenye boksi la barafu na lifike siku hiyohiyo, la sivyo bakteria wataendelea na kazi yao njiani. Kwenye lebo andika tarehe, jina la lambo, upande uliochimba, siku rundo lilipoanza, na idadi ya siku lilizokaa kavu.